Kata si Upawa: Vyombo vya Jikoni Tanga Vinapoandikwa kwa Kiingereza

Kata na upawa hutoka kwenye nazi moja. Fundi akikikata kifuu karibu na juu, akabakiza sehemu kubwa ya tumbo lake na kuchomeka mpini wa mti, amepata kata, chombo chenye kina cha kutekea maji mtungini. Akikikata chini zaidi, kikabaki chini ya nusu, amepata upawa: bapa, mwepesi, unaopita kando ya chungu na kuinua mchuzi bila kumvunja samaki. Katika nyumba za Pwani zilizoshika utaratibu, kata haikuonja mchuzi wala upawa haukuingia mtungini. Majina mawili yaliyalinda maji ya kunywa yasinuke changu.

Sasa chukua kitabu cha mapishi ya Uswahilini kilichoandikwa kwa ajili ya wageni, au maelezo yanayopita chini ya video ya mapishi mtandaoni. Kata na upawa vyote vimekuwa "ladle". Msomaji wa Kiingereza ataona kijiko kirefu cha chuma chenye shingo iliyopinda, kile kinachoning'inia ukutani katika majiko ya Ulaya. Kifuu kimetoweka, na tofauti ya maji na mchuzi imetoweka nacho.

Nalisema hili sasa kwa sababu kazi ya kutafsiri jiko letu inafanyika kila siku, na wanaoifanya wengi hawajui kwamba wanatafsiri. Mwenye nyumba ya wageni Ushongo, kule Pangani, anaandika ubao wa chakula cha jioni. Binti wa Ngamiani, mjini Tanga, anarekodi video ya mkate wa kumimina na kuweka maneno ya Kiingereza ili watu wa mbali waelewe. Bibi wa Makorora anaulizwa kwa simu na mjukuu aliyekulia Uingereza, ambaye Kiswahili anakisikia lakini jina la chombo halijui, na shangazi aliyekaa katikati analazimika kutafuta neno upesi. Wote hao ni wafasiri. Chaguo lao ndilo litakalobaki, kwa kuwa watu wengi zaidi huiona video moja ya mapishi kuliko wanaofungua kamusi.

Mbuzi ndiyo inayowatesa zaidi. Naizungumzia mbuzi ya kukunia nazi: kibao chenye miguu inayokunjwa, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Kiswahili chenyewe hakina tabu na jina hili, kwa sababu sarufi imeshamaliza kazi. Ukiambiwa "mlete mbuzi huyo," unakwenda bandani. Ukiambiwa "ilete mbuzi hiyo," unakwenda jikoni. Hakuna mtoto wa Pwani aliyewahi kurudi na mnyama wakati mama yake anataka kukuna nazi. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, kwa hiyo mfasiri anakimbilia "coconut grater", na hapo anadhani ameshamaliza.

Hajamaliza. "Grater" ya jiko la Kiingereza ni bati lenye matundu. Husimamishwa mezani, na mkono hukisugua kitu juu yake, jibini au karoti. Mbuzi inakwenda kinyume: chombo kimetulia, nazi ndiyo inayotembea. Mkunaji amekaa juu ya kibao, na uzito wa mwili wake ndio unaokishika kisiyumbe. Anakishika kifuu cha nazi kwa mikono miwili, anakizungusha kwenye meno kuanzia ukingoni kuelekea ndani, na mwenye mkono mzuri anaacha kabla ya kufikia ngozi ya kahawia, maana ile ikiingia tui hupoteza weupe wake. Chini kuna sahani au ungo unaopokea. Msomaji wa London akisoma neno lile la Kiingereza pekee atavunja nazi, atachukua bati lake la jibini, na atajikwaruza vidole. Mapishi hayajamsaidia.

Ninachopendekeza ni kuliandika jina kama lilivyo, mbuzi, na kulifuatisha na sentensi moja inayoeleza namna ya kukaa na kinachotembea. Jina la mnyama lisifichwe kwa aibu. Thailand nao wana kibao cha kukalia cha kukunia nazi, na wao wanakiita kwa jina la sungura. Vingi vya zamani vilichongwa kwa umbo la mnyama huyo. Watu wa pwani mbili za mbali, wote wala nazi, wote walipanda juu ya kibao na wakaona mnyama. Waandishi wa Kiingereza wanaoandika juu ya mapishi ya Thailand hulieleza jina hilo la sungura kwa furaha, na wasomaji wao hulipenda. Sioni kwa nini mbuzi wa Pangani avuliwe jina lake.

Kutoka kwenye mbuzi, nazi huenda kwenye kifumbu, na hapa hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu chombo chenyewe kinaondoka. Kifumbu ni mfuko mwembamba wa kusukwa kwa ukindu au miyaa. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikafikichwa, kisha ikatiwa kifumbuni na kukamuliwa kwa kusokota. Ukindu una ubishi wa namna yake: unaachia tui lipite na kuzuia chicha, na kadiri unavyosokota ndivyo matundu yanavyojibana. Tui la kwanza ni zito na hutengwa. La pili na la tatu ndiyo maji ya kupikia. Kisha tui zito huja mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, lisije likakatika. Chicha inayobaki wengine huwapa kuku.

Leo nyumba nyingi za mjini Tanga zinakata nazi vipande, zinaitia kwenye blenda na kuichuja kwa chujio la plastiki. Siwalaumu, mwanamke anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni hana muda wa kukaa juu ya kibao, na umeme umemwondolea kazi iliyokuwa ikimchosha mgongo. Ila blenda husaga hata ile ngozi ya kahawia kama haikumenywa, na chujio la plastiki halikamui, linachuja tu. Hizo ni kazi mbili. Mfasiri akiandika "strainer" mahali pa kifumbu ameandika chujio, na msomaji atamimina nazi yake ichuruzike yenyewe. Atapata maji meupe, kisha ataandika kwamba wali wa nazi wa Waswahili hauna ladha. Neno la kazi ni kukamua. Likikosekana hilo, hata picha nzuri ya kifumbu haitamwokoa.

Sufuria ina historia nyingine kabisa. Neno limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni jina la shaba.  Siku hizi sufuria ni ya bati jepesi la alumini na shaba haimo tena, lakini jina limebaki na hakuna anayelalamika. Tafsiri iliyozoeleka, "saucepan", inamtia msomaji mkono mrefu wa kushikia ambao sufuria yetu haina. Ya kwetu ina mdomo uliokunjwa kuwa ukingo bapa, na huo ukingo ndio mshikio. Mpishi anaibana kwa vitambaa viwili au kwa vipande viwili vya boksi, anaitikisa, anaiepua. Kukosa mkono si upungufu. Sufuria isiyo na mkono hukaa juu ya mafiga bila kuungua mshikio, huingia ndani ya nyingine hadi seti nzima ikawa mzigo mmoja wa kichwani, na hukubali kufunikwa kwa sinia lenye makaa.

Kwa bahati nzuri sufuria ni chombo ambacho Kiingereza cha Afrika Mashariki kimekubali kukiita kwa jina lake. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam huandika "sufuria" bila maelezo, na Wakenya wanaoishi ng'ambo husema hivyo hata wanapozungumza na majirani zao Wazungu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Watu walikataa tu kulibadilisha.

Vyombo vingi vya jiko la Tanga vimepita bahari na majina yao, na anayefasiri anafaa kuijua safari hiyo, maana mara nyingi ndiyo inayoeleza matumizi. Sinia ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha Uchina. Nenda Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kwenye barabara ya Pangani, katika yale makaburi ya kale ya matumbawe ya Mtang'ata, utaona kwenye kuta na nguzo vishimo vya duara. Humo ndimo mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa majahazi yalipachikwa, zamani kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Chombo cha mezani kilikuwa na heshima ya kutosha kuwekwa kaburini mwa mkubwa. Mimi nikilisikia neno sinia, na halafu nikaona limeandikwa "tray" tu, huona karne kadhaa zimefutwa kwa herufi nne.

Karai limetoka Bara Hindi, ambako karahi bado ni chombo cha kukaangia chenye kina. Kwetu limegawanyika: jikoni linakaanga sambusa na bajia, na kwenye ujenzi linabeba zege. Dele la kahawa limetoka Uarabuni, na wauza kahawa wa Tanga wanaolitembeza na jiko dogo la makaa chini yake wangelikuta ndugu yake Muscat bila shida. Jagi, glasi, fraipani na hotpoti vimeletwa na Kiingereza, kwa nyakati mbalimbali.

Hivi vya Kiingereza vina habari yake, na si ya kufurahisha yote. Wakati wa ukoloni tafsiri ya jikoni ilikuwa na mwelekeo mmoja: kutoka mdomoni mwa anayeamuru kwenda sikioni mwa anayepika. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na kichwa chake kilitaja waziwazi wasomaji aliowakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kiswahili cha namna hiyo hakikuhitaji kujua tofauti ya kata na upawa. Kilihitaji maji ya moto, chai, na sahani safi. Katika mashamba ya mkonge yaliyouzunguka mji wa Tanga tangu zao hilo liletwe na Richard Hindorf mwaka 1893, wapishi wetu walijifunza majina ya vyombo vya watu wengine, wakayakunja yakakaa vizuri mdomoni, wakayapeleka nyumbani. Kazi hiyo ya wapishi haikuandikwa kwa majina yao popote. Walipokea chombo wasichokijua, wakakitumia siku hiyohiyo, na wakakipa jina ambalo wajukuu wao wanalitumia bado. Hao walikuwa wafasiri hodari.

Wako pia walioandika. Johann Ludwig Krapf, aliyefika hadi Vuga kwa Kimweri, mtawala wa Usambaa, mwaka 1848, kamusi yake ilitoka mwaka 1882. A. C. Madan wa misheni ya UMCA alitoa yake ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Kisha mwaka 1939 zikatoka mbili: ile ya Kamati ya Lugha iliyosimamiwa na Frederick Johnson, na ile ya Padri Charles Sacleux kwa Kifaransa, iliyojaa alama za lahaja, hata za Mrima na Mtang'ata. Watu hawa walikuwa na makosa yao na nyakati zao. Lakini kwenye vyombo vya jikoni nawasifu, kwa sababu hawakuridhika na neno moja. Walimweleza msomaji chombo kimetengenezwa na nini, kinashikwaje na kinafanya nini. Tofauti ya kata na upawa waliijua na wakaiandika. Ukiilinganisha kazi yao na orodha nyingi za leo za neno kwa neno, unaona tumerudi nyuma. Orodha ni rahisi kuandika na rahisi kunakiliwa, na kosa la mmoja huwa la wote.

Nawataka wanaofasiri wasome pia Desturi za Wasuaheli, maandishi yaliyokusanywa na Carl Velten na kutolewa mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin. Hapo Mswahili anaeleza maisha ya Mrima kwa Kiswahili, tangu kuzaliwa hadi kufa, na vyombo vinaonekana vikiwa kazini: kwenye harusi, kwenye tohara, kwenye matanga. J. W. T. Allen aliyafasiri maandishi hayo kwa Kiingereza, yakatoka mwaka 1981. Kuyasoma yote mawili sambamba ni shule kwa mtu yeyote anayetaka kujua ugumu wa kuihamisha nyumba ya Pwani kuipeleka kwenye lugha nyingine.

Kuna wanaonijibu kwamba Kiingereza hakitapokea maneno yetu, kwamba msomaji wa kawaida ataudhika. Jiko la Kiitalia linawakanusha. Kile kisu cha nusu duara chenye mishikio miwili, cha kukatia majani ya kiungo kwa kukipembeza, Waingereza wanakiita "mezzaluna", nusu mwezi, kama Waitalia wenyewe. Kile kibirika cha kahawa cha pande nane alichokitoa Alfonso Bialetti mwaka 1933 wanakiita "moka", na hilo nalo ni jina la bandari ya Yemen ambako kahawa ilipakiwa, bandari ambayo mabaharia wa mwambao huu wameijua tangu enzi za majahazi. "Wok" imetoka kwa Wachina wa Canton, "tagine" kwa watu wa Morocco. Hakuna aliyeudhika. Wanunuzi walikuta jina dukani pamoja na chombo, wakajifunza vyote viwili kwa siku moja. Kama jina la bandari ya Yemen limefika kwenye kila duka la vyombo London kwa kupitia Italia, kifumbu kinaweza kufika kwa kupitia Tanga.

Kinachotakiwa ni sisi tuanze kuandika hivyo wenyewe. Mwenye nyumba ya wageni aandike kwamba samaki wa kupaka ameungwa kwa tui lililokamuliwa kwa kifumbu, na mgeni akiuliza, aoneshwe. Maswali ya wageni juu ya chombo ni mazuri kuliko maswali yao juu ya nywila ya intaneti. Wauza vyombo katika soko la Mgandini wanaomwuzia mtalii mwiko wa mti waseme mwiko, na waoneshe unavyosonga ugali kwa kuukandamiza ukingoni mwa sufuria; kijiko cha mti cha Ulaya hukoroga tu, na ukikitumia kusongea bada la muhogo kitavunjika.

Maneno ya udongo yana haki ya kutajwa, ingawa nayapita haraka kwa sababu vyombo vyenyewe sasa ni vichache mjini. Chungu, mtungi, mkungu, bia ya kufunikia, kaango: Kiingereza huvisomba vyote kwa "pot" au "dish". Nyungu peke yake imepata bahati isiyotarajiwa. Wakati wa korona, mwaka 2020, nchi nzima ilianza kusema "kupiga nyungu" kwa maana ya kujifukiza, na vijana waliokuwa hawajawahi kupika kwa chombo cha udongo wakalijua jina. Neno lilirudi kwa kazi moja, likaacha nyingine nyuma.

Na kuna kitenzi ambacho nadhani ndicho kipimo cha mfasiri wa jiko la Pwani: kupalia. Wali ukishakauka maji, moto wa chini hupunguzwa, sufuria hufunikwa, na makaa hutandazwa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina huiva hivyohivyo, moto juu na moto chini, ukapata uso wa kahawia bila tanuri. Nimesoma mapishi ya Kiingereza yanayosema wali "uokwe" na mengine yanayosema "ufunikwe uchemke polepole". La kwanza linampeleka msomaji kwenye oveni, la pili linamnyima moto wa juu. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi hii, na hakuna sababu ya kujidanganya kwamba kinacho. Itahitaji sentensi mbili: moja ya kupunguza moto wa chini, moja ya makaa na mfuniko. Mwenye jiko la gesi aambiwe ukweli kwamba anaweza kutumia oveni kupata kitu kinachokaribia, na kwamba hicho ni mbadala wake, kisiitwe kupalia.

Baada ya wali kupakuliwa kwenye sinia, hufunikwa kwa kawa, lile la ukindu lenye umbo la pia, lililosukwa kwa rangi, linalozuia nzi na kuacha mvuke upite ili wali usitoe maji. Bakuli la plastiki lililopinduliwa huzuia nzi lakini huloanisha wali. "Food cover" inaitosha plastiki na haisemi lolote juu ya mvuke. Kwa kawa sijaona tafsiri ya Kiingereza inayofaa. Mpaka ipatikane, liandikwe kawa, na lielezwe kwamba linapumua.